Mama Mdogo kwa Kiingereza

Fairfield, Sydney,
Australia.
Jumanne, 11 Mei 2021.

Mpendwa Mama Mdogo Gloriose,

Pokea salamu zangu kutoka huku mbali. Kabla ya yote nipe habari za mguu wako. Katika ujumbe wa sauti uliotutumia wakati wa Pasaka ulisema uvimbe umepungua, lakini nilikusikia ukishusha pumzi ulipokaa, nikajua hutaki kututia wasiwasi. Ile dawa ya kupaka ilifika? Mvua zimekwisha huko kambini Nyarugusu? Na maharage ya nyuma ya nyumba, mmevuna, au mbuzi wa jirani wamewatangulia tena?

Sisi ni wazima wa mwili, namshukuru Mungu. Yaya Léocadie, dada yangu, amechanjwa chanjo ya kwanza kazini. Mkono ulimuuma siku mbili, kisha akaendelea kunyanyua wazee kama kawaida. Shemeji Fidèle mzima. Binti yao Aksanti ana meno manne, na anatambaa haraka kuliko ninavyotembea mimi. Mimi sijambo, ila nimechoka. Nakuambia wewe kwa sababu hapa nyumbani kila mtu amechoka, na aliyechoka hana la kumwambia aliyechoka mwenzake.

Utashangaa kwa nini barua ya karatasi wakati simu ipo. Mama Mdogo, simu yako husikilizwa na mtaa mzima. Ukifungua sauti yangu, Mama Katungu atakuwa amecheka kabla yako. Ninalotaka kukuambia halifai kusikika hivyo. Nimefanya kosa, na tangu juzi Jumapili Yaya hajaniita kwa jina langu. Naogopa nimempotezea mtoto wake, na mimi nimempoteza dada. Barua hii naituma kwa sanduku la kanisa, Kasulu. Najua itachukua wiki nyingi, maana ndege ni chache mwaka huu, lakini wewe peke yako ndiye unayeweza kunijibu. Utaona kwa nini.

Nianze na siku zetu. Huku sasa ni majira ya majani kupukutika. Mti wa jirani umekuwa mwekundu wote, na majani yake huangukia upande wetu, ambako Aksanti huyala. Nguo hazikauki. Pampasi za kitambaa nilizozishona zinaning'inia juu ya viti kama watu waliokuja kwenye matanga. Mwezi uliopita serikali ilirudisha saa nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka, na watu wote wakalala zaidi. Aksanti hakuambiwa. Tangu siku hiyo anaamka saa kumi alfajiri, amechangamka, anataka mazungumzo.

Mimi nilimaliza shule Desemba. Yaya aliporudi kazini mwishoni mwa Januari, tulikubaliana nikae na mtoto kwa muda kidogo. Muda kidogo umekuwa zaidi ya miezi mitatu. Yaya anaondoka kabla jua halijatoka kwenda nyumba ya wazee karibu na Liverpool, ile ya hapa Sydney, na wakimwomba abaki zamu ya pili anabaki, maana tangu korona ije wafanyakazi hawatoshi. Shemeji hupanga mizigo usiku katika ghala moja kule Smithfield, na mchana analala. Kwa hiyo mchana nyumba ni yangu na Aksanti, na tunaishi kwa kunong'ona.

Mtoto ni mmoja, na kila mtu mzima ana sheria zake. Yaya anataka alale kwenye kitanda chake peke yake, ale mboga zilizopondwa bila chumvi, na asukumwe kwa kigari. Hataki abebwe mgongoni. Anasema mtoto atazoea, na yeye mgongo wake umeharibiwa na wazee, hataweza kuendeleza tabia hiyo. Shemeji anataka asemeshwe Kiingereza tu, asije akahangaika shuleni kama tulivyohangaika sisi. Lakini yeye mwenyewe akikanyaga mwanasesere akiwa pekupeku, hamkemei kwa Kiingereza.

Mimi ninayekaa naye sina sheria, nina siku nzima. Akilia, namfunga mgongoni kwa kile kitenge cha kijani ulichonipa siku ya kuondoka, na dakika mbili hazipiti amelala. Nampikia uji wa mahindi wenye karanga zilizosagwa laini, na akishiba nanong'ona naye Kiswahili mpaka jioni. Yaya akirudi anamkuta kwenye kigari, amepanguswa mdomo. Ndiyo, nilianza kuficha tangu mapema. Na nilipenda kile nilichoficha.

Kuna jambo moja ambalo mwanzoni lilituchekesha. Aksanti alijifunza kupunga mkono wa kwaheri, na alijifunza kwa kumpungia mama yake, kwa sababu mama yake ndiye anayeondoka. Sasa hampungii anapotoka tu. Hata Yaya akiingia mlangoni, amechoka, barakoa bado iko shingoni, mtoto anamtazama na kumpungia.

Sasa kosa lenyewe.

Asubuhi za baridi huwa nampeleka maktaba, kwa sababu kule kuna joto na hakuna anayelala. Siku moja mwezi Machi, mwanamke mmoja wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliniona nikimfunga Aksanti mgongoni. Akaja kunishikia ncha ya kitenge, akaniuliza kama mimi ni mama yake. Wewe unanijua. Mgeni akiniuliza swali, maneno yote hunikimbia. Nikatafuta neno la Kiingereza la mama mdogo. Wana neno moja tu, nalo wanalitumia kwa shangazi, kwa mke wa mjomba, hata kwa rafiki wa jirani. Niliona nikilisema hilo nitakuwa nimejiweka mbali na mtoto aliyekuwa akipumua shingoni mwangu. Basi nikatafsiri neno kwa neno, kwamba mimi ni mama yake mdogo.

Kwa Kiingereza, mama mdogo ni mama ambaye umri wake ni mdogo.

Akaniuliza nina miaka mingapi. Nikasema kumi na minane. Akanishika mkono, akaniambia ninafanya vizuri sana, na kwamba kila Alhamisi, katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba, hukutana akina mama wa umri wangu pamoja na watoto wao. Kuna chai. Nije.

Ningeweza kusahihisha palepale, na kweli nilifungua mdomo. Lakini aliniwahi akauliza, "Na wewe mwenyewe unalala?" Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikaanza kulia mbele ya rafu za vitabu, na nilipokwisha kulia nikaona aibu kumwambia kwamba mtoto ninayemlilia si wangu.

Nimekwenda Alhamisi saba. Tuko wasichana sita. Mmoja, Mvietnamu mwenye mapacha, akifika tu anajilaza kwenye zulia na kusinzia, na hakuna anayemwamsha. Wawili nimewafundisha kufunga mtoto mgongoni. Mimi, Mama Mdogo, ambaye miaka yote darasani sikuwahi kuinua mkono, nilisimama mbele ya watu nikaonyesha jinsi ya kuinama na kumtupia mtoto kitenge. Kule nilikunywa chai ikiwa bado ya moto. Siku ya pili walileta karatasi ya majina, na mbele ya neno mama niliandika Yvette. Hilo sikulitafsiri vibaya. Hilo niliandika kwa mkono wangu.

Wiki tatu zilizopita Aksanti alisema neno lake la kwanza. Nilikuwa namshusha kutoka mgongoni. Alinishika sikio akasema, "Mama." Alilisema kwa kunong'ona, kwa sababu hajui kwamba maneno husemwa kwa sauti. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwetu si kosa, mama mdogo ni mama, hata mimi nilikuita hivyo wewe. Lakini jambo lisilo kosa mtu halifichi.

Alhamisi iliyopita tulitengeneza kadi, maana Jumapili ilikuwa Siku ya Akina Mama. Tulichovya mikono ya watoto katika rangi ya zambarau, tukaigandamiza kwenye kadi nyeupe. Yule mwanamke mwenye miwani akaandika chini ya kila mkono kwa kalamu nene. Kwangu aliandika: kwa mama Yvette, kutoka kwa Aksanti. Nilipofika nyumbani nililifuta jina langu kwa ule wino mweupe wa kufutia, nikasubiri ukauke, nikaandika juu yake Léocadie, na alama zake zote. Nilidhani nimetengeneza kila kitu.

Jumapili tulikwenda kanisani. Wiki hiyo watu wawili walikutwa na ugonjwa upande wa mjini, kwa hiyo barakoa zimerudi na kuimba kumekatazwa tena. Mchungaji alisoma maneno ya wimbo, nasi tukauvumisha kwa pua ndani ya vitambaa. Mlangoni tulipotoka nilimwita dada, "Yaya, nipe mfuko wa pampasi!" Dada mmoja muuguzi kutoka Kenya, Gakii, akaangua kicheko.

"Ati yaya? Wee Yvette, kwetu yaya ndiye wewe! Yaya ni yule anabaki na mtoto, mama akienda job."

Kumbe kwao yaya si dada mkubwa, ni msichana wa kulea. Kila mtu alicheka, hata Yaya, lakini kicheko chake kilikatika mapema.

Nyumbani nikampa kadi. Alifurahi, Mama Mdogo. Aliubusu ule mkono wa zambarau. Akaipeleka kadi dirishani ili aone vizuri mistari ya kiganja, na jua la siku hizi liko chini, linaingia moja kwa moja. Nikaona uso wake unabadilika.

"Yvette, chini ya jina langu kuna jina gani?"

Nilijifanya nakunja mfuko wa pampasi.

"Nakuuliza."

"Langu."

"Najua ni lako, nilikuwepo ulipopewa. Limefuata nini hapa?"

Wakati huo huo Aksanti, aliyekuwa mkekani, akanyoosha mikono na kunong'ona, "Mama." Yaya alidhani anaitwa yeye. Aliiacha kadi, akapiga magoti, akafungua mikono yake. Mtoto akampita. Akaja mpaka miguuni pangu, akasimama kwa kushika sketi yangu, halafu akageuka na kumpungia mama yake.

Nilisema yote, kuanzia maktaba mpaka wino mweupe. Shemeji Fidèle alijaribu kunisaidia.

"Sasa kosa liko wapi? Si mama yake mdogo? Kwetu..."

"Kwetu wapi, Fidèle? Wewe uliyekataza mtoto asisemeshwe Kiswahili, leo ndiwe wa kuleta kwetu?"

Shemeji akainuka akaenda kutafuta soksi za mtoto, ambazo mtoto alikuwa amezivaa.

Yaya hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema, "Kazini kuna bibi wa miaka tisini na moja. Namwosha, namlisha kwa kijiko, naye kila siku ananiita mama. Mimi ni mama wa bibi wa watu. Huyu wangu ananipungia mkono." Kisha akaniuliza kwenye karatasi ya wale watu mama ni nani. Nikasema ni mimi. Akauliza, "Na mimi ni nani?" Kwenye karatasi ile hapakuwa na mstari wake.

Amepiga simu kazini, ameomba ruhusa mpaka Ijumaa. Keshokutwa, Alhamisi, tutakwenda naye ukumbini. Amesema, "Utasema wewe kwa mdomo wako. Mimi nitasimama tu." Naogopa siku hiyo kuliko nilivyoogopa mtihani wowote. Nimeandika maneno yangu kwenye karatasi na kuyakariri, lakini kila nikifika kwenye mama mdogo nakwama, kwa sababu bado sijui nalisemaje.

Kuna na jambo jingine. Mwezi Machi nilipata nafasi ya kusomea cheti cha kuwasaidia wauguzi, kule Liverpool, kuanzia Julai. Barua yao niliiweka chini ya godoro, sikuijibu. Niliwaza nani atabaki na mtoto. Kwa kweli niliwaza pia kwamba sitaki mtu mwingine abaki naye. Jana nilimwonyesha Yaya. Aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia, akasema, "Nenda." Hakunitazama. Mpaka sasa sijajua kama alinipa ruhusa au alinifukuza.

Sasa ndipo ninapokufikia wewe.

Marehemu mama alinisimulia kwamba alipolazwa Kigoma, mwaka mzima na zaidi, mimi nilibaki kwako na nilikuita mama. Aliporudi, sikumjua. Alisema siku ile ile uliacha kunibeba. Ukienda kuchota maji ulizunguka nyuma ya nyumba ili nisikuone. Nilikuja mlangoni kwako nikalia, na hukufungua. Mama alinisimulia hayo akicheka, kama kisa cha mtoto mkaidi. Mimi sikucheka. Nilikukasirikia kimoyomoyo miaka mingi, hata siku uliyonipa kitenge kwenye basi nilikuwa na kidonda hicho. Nilidhani ulikuwa umechoka nami. Nisamehe, sikujua.

Leo asubuhi nilisikia mikono ya Aksanti ikigonga sakafu, anakuja chumbani kwangu. Nikafunga mlango, nikakaa chini, nikauegemea kwa mgongo. Akafika. Akapiga mbao kwa kiganja, akaita. Nilipokosa kuitika akaita tena, na safari hii hakunong'ona. Ndiyo mara ya kwanza nimesikia sauti yake yote ikisema mama. Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili. Alilia muda mrefu, Mama Mdogo. Mlango wetu ni mwembamba, kila kilio nilikisikia kwenye uti wa mgongo. Kisha nikasikia hatua za Yaya zikija polepole, akasimama. Nilijua anatazama mlango, na anajua nilipo. Akasema, "Njoo, mama. Njoo kwangu." Mtoto alikataa, akalia zaidi. Yaya hakuondoka. Alikaa chini upande wake wa mlango na mimi nikiwa upande wangu, mpaka kilio kikawa kwikwi.

Nilipofungua kidogo walikuwa wameshafika jikoni. Yaya alikuwa amemfunga mgongoni kwa kitenge chako. Alikifunga vibaya, upande mmoja ulikuwa juu, na alikuwa ameinama akishikilia meza kwa ajili ya mgongo wake unaouma. Nilitaka kwenda kurekebisha fundo. Sikwenda. Aksanti alikuwa ameegemeza shavu, macho yamevimba, ananitazama juu ya bega la mama yake. Halafu akatoa mkono mmoja ndani ya kitenge, akanipungia.

Basi nieleze wewe uliyepita njia hii. Zilikuwa siku ngapi? Mikono yako uliipa kazi gani? Na siku ile niliyoacha kuja mlangoni kwako, ulishukuru au ulilia? Usinifiche kwa sababu mimi ni mtoto. Andika kwenye karatasi, usitume sauti.

Nisalimie Baba Mdogo Adrien, mwambie redio yake bado naikumbuka na kelele zake. Nisalimie Faida, na umwambie asiache shule hata kama dawati halipo. Msalimie Mama Katungu, lakini usimsomee barua hii. Yaya hajui kama nakuandikia, ila najua angetaka umwombee mgongo wake, basi mwombee na moyo wake. Mungu auponye mguu wako, na faili lako la kuhamia huku litoke chini ya mafaili mengine mara mipaka itakapofunguliwa, uje umwone Aksanti kabla hajawa mkubwa wa kutobebwa.

Ni mimi nikupendaye, mtoto uliyemrudisha kwa mama yake,

Yvette